Salamu tano stejini, foleni moja kliniki: Huduma za afya Mamboleo zilipangwa kwa ajili ya nani?

Ebu fika steji ya Mamboleo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiseme kitu, sikiliza tu. "Oyawore," mwendesha boda anamsalimia mwenzake. Makanga wa matatu iliyoteremka kutoka Chavakali anapaza sauti: "Mulembe!" Mama anayepanga ndizi kando ya barabara anaitwa na mteja wake kwa "Bwakire." Kijana aliyeshuka na mitungi ya maziwa kutoka upande wa Nandi anapokelewa na "Chamgei." Mzee wa Kinubi kutoka Kibos anapita na "Salaam aleikum" yake, na steji nzima inaitikia. Hujanunua hata chai, na tayari umepita jamii tano.

Hiyo ndiyo Mamboleo. Jina ni la Kiswahili, ardhi ni ya Waluo. Barabara moja inapanda Kiboswa kuelekea Kakamega, nyingine inakata mashamba ya miwa kwenda Miwani, Chemelil na Muhoroni. Ongeza familia za Kihindi zilizokaa Kibos tangu miaka ya kwanza baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Ongeza Wasomali na Wakikuyu wenye maduka mjini. Unapata kona moja ya Kisumu ambayo, ukitaka kuielezea kwa neno moja, utashindwa.

Sasa wote hao wakiugua, wanaingia foleni moja. Dirisha moja, kadi moja, benchi moja. Na ukimuuliza mtu kama hilo ni sawa, atakujibu haraka: "Si wote ni Wakenya? Wapewe dawa waende." Ni jibu zuri. Lina utu ndani yake, hasa katika nchi ambayo swali la kabila limetuletea msiba zaidi ya mara moja.

Lakini wacha nikuulize wewe unayesoma hii kwenye simu ukisubiri mat ijae: kliniki ikisema inamhudumia kila mtu kwa namna moja, namna hiyo ni ya nani? Nani alikaa mezani ilipoamuliwa kliniki ifunguliwe saa ngapi, iongee lugha gani, na ianze kutafuta ugonjwa gani? Mara nyingi "namna moja kwa wote" huwa ni namna ya mtu mmoja, wengine tukilazimika kujipinda ili tuenee.

KUSAWAZISHA SI KUFANANISHA

Anza na mambo ya damu. Ukanda huu wa ziwa umeishi na malaria vizazi na vizazi. Miili ya watu walioishi hapa muda mrefu ilijibu kwa njia yake: mtu mwenye chembe moja ya urithi wa selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Bei yake ni kwamba mtoto akirithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama, anaugua selimundu. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, maumivu yanakuja kwa vipindi, na maambukizi madogo yanaweza kumuua. Ndiyo maana ugonjwa huu uko zaidi katika familia za Kiluo na za Kiluhya kuliko katika familia zilizotoka nyanda za juu za baridi.

Mpangaji wa afya anayejua hilo hasubiri mtoto azimie darasani. Anaweka kipimo karibu na wodi ya kujifungulia. Yule anayedhani "watu ni watu" hununua vifaa vilevile kwa Kisumu na kwa Nyeri, na mtoto wa Mamboleo anagunduliwa akiwa amechelewa.

Upande mwingine wa steji, kijana mwenye asili ya Kihindi ana hatari yake tofauti. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupata kisukari cha ukubwani wakiwa na umri mdogo, na hata wakiwa na mwili mwembamba, kuliko wengi wetu. Ukingoja anenepe ndipo umpime sukari, umemkosa. Na Mnubi au Msomali mwenye kisukari anataka kujua afanyeje na dawa zake mwezi wa Ramadhani. Asipopata jibu kwa daktari atajipangia mwenyewe, na kujipangia dawa za sukari ni mchezo wa hatari.

Hata hivyo, si kila kitu ni cha kabila. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, ilipelekwa katika sehemu za kaunti nane za magharibi na ukanda wa ziwa, Kisumu ikiwemo. Hakuna aliyemuuliza mtoto jina la ukoo wake. Swali lilikuwa moja tu: mbu wako wapi? Mtoto wa Kikuyu aliyezaliwa Kondele anaumwa na mbu sawa na mtoto wa Kiluo.

Kwa hivyo kupanga vizuri ni kujua lini asili ya mtu ina maana, na lini haina maana yoyote.

HOSPITALI INAYOITWA RUSSIA

Utasema, wacha bana, mambo ya makabila kwenye afya yananukia vibaya. Una sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa na serikali ya Waingereza kukagua hali ya usafi katika miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa kwamba, kwa ajili ya afya, Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe, kila rangi mtaa wake, na uwazi uachwe katikati. Tauni na malaria zikawa sababu ya kuchora ramani ya ubaguzi. Ukijiuliza kwa nini miji yetu ina mitaa ya miti na lami upande huu na vichochoro upande ule, neno "afya" lilitumika kuihalalisha.

Kisha kuna hospitali ile karibu na Kondele. Wewe huenda unaijua kama JOOTRH, yaani Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini mwambie mwendesha boda "nipeleke Russia" na hatakuuliza mara mbili. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na jina limekwama.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huohuo, na jiji lilikuwa bado na kidonda. Kenyatta na Jaramogi walirushiana maneno hadharani, umati ukazomea, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilisema watu 11 waliuawa. Wengine wamehesabu zaidi ya hapo, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Fikiria hilo polepole. Siku ya kufungua hospitali ndiyo siku watu walipigwa risasi. Jengo lilikuwa zuri, vitanda vilikuwa vipya. Lakini bibi yako, ikiwa alikuwa hapa, alijifunza jambo moja kuhusu huduma zinazoletwa na serikali, na jambo hilo halikuandikwa kwenye kibao cha ufunguzi. Imani nayo ni sehemu ya dawa. Haipatikani stoo, na ikiisha haiagizwi Nairobi.

SOMO LA TOHARA

Sasa twende kwenye kisa ambacho Kisumu iliufundisha ulimwengu, na ambacho vijana wengi wa siku hizi hawakijui vizuri japo wengine wenu mlipitia humo.

Kwa jadi, Waluo hawatahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Majirani zao karibu wote hutahiri: Waluhya, Abagusii, Wanandi, Wanubi, Wasomali. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois na Manitoba walianza utafiti hapa Kisumu na wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24. Nusu walitahiriwa mara moja, nusu wakasubiri. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: kati ya waliotahiriwa, 22 walikuwa wameambukizwa virusi vya Ukimwi, kati ya waliosubiri, 47. Tafiti za Orange Farm kule Afrika Kusini na Rakai nchini Uganda zilisema jambo hilohilo. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yakapendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga kwa mwanamume, pamoja na kondomu na kupimwa, si badala yake.

Kisayansi, kazi imeisha. Kiutu, ndiyo kwanza ilianza. Kwa sababu Kenya, tohara si suala la ngozi tu. Ni tusi la kisiasa. Umesikia mwenyewe jukwaani: fulani hawezi kutuongoza, "hajapita". Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tusi likawa kisu. Katika ghasia za Bonde la Ufa, wanaume wa Kiluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Jambo hilo lilifika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, likiwa sehemu ya mashtaka ya kesi ya Kenya.

Mwaka uliofuata, 2008, serikali ileile ilitaka kuja Nyanza kuwaambia wanaume: njooni mtahiriwe.

Ungekuwa wewe ungeenda?

Hapa ndipo upangaji unapoonekana. Tangu kabla ya utafiti mkubwa, watafiti walikuwa wamekaa na watu wa Nyanza, wanaume kwa wanawake, kuwauliza wanaonaje. Swali lilitangulia kisu. Pili, maneno yalichaguliwa kwa uangalifu: tohara ya hiari, ya kitabibu. Si jando. Hugeuki kabila jingine, humkani babu yako. Tatu, wazee hawakurukwa. Baraza la Wazee wa Jamii ya Waluo lilikuwa na shaka, na mazungumzo yalihitaji subira. Yalitua mahali ambapo mila ilibaki mila na afya ikabaki afya. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, na viongozi wengine wa Kiluo waliunga mkono hadharani. Mwaliko ukatoka ndani ya nyumba.

Nne, ratiba ilifuata maisha ya watu. Mvuvi anafanya kazi usiku, kwa hivyo huduma zilimfuata ufuoni. Mtu wa jua kali hawezi kufunga kibanda mchana, kwa hivyo kukawa na huduma za jioni na usiku. Wanafunzi wako nyumbani likizo, kwa hivyo kampeni ikapangwa wakati wa likizo. Na kwa kuwa madaktari ni wachache, wauguzi walifundishwa na kuruhusiwa kufanya upasuaji huo mdogo. Katika kampeni moja ya Novemba na Desemba 2009, wanaume na wavulana zaidi ya 36,000 walitahiriwa Nyanza. Takwimu za kitaifa za Ukimwi zinaonyesha mwendo: mwaka 2007 wanaume waliotahiriwa Nyanza walikuwa kama 48 katika kila 100. Kufikia 2012 walikuwa 66.

Miaka minne tu baada ya kisu kutumika kama silaha. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa katikati. Kilichoongezeka ni heshima iliyopangwa vizuri.

KISU KIMOJA, MAZUNGUMZO MATATU

Rudi sasa steji ya Mamboleo, uone kwa nini kliniki ya hapa haiwezi kuwa na ujumbe mmoja tu ukutani.

Kijana wa Kiluo anahitaji kuambiwa: ni hiari yako, ni afya, na hakuna anayekuondoa kwenu. Kijana wa Kibukusu aliyehamia hapa kutoka Bungoma hahitaji kushawishiwa hata kidogo. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ikifika, shangazi zake wanajua cha kufanya. Anachohitaji ni wembe wake mwenyewe usiotumiwa na mwingine, na mahali pa kukimbilia kidonda kikigoma kupona. Mtoto wa Kinubi hutahiriwa akiwa mdogo, na swali la mama yake ni maumivu na usafi.

Na kuna kosa moja ambalo bango la jumla linaweza kulifanya: kuwafanya wale waliotahiriwa tangu zamani wadhani wamechanjwa. Omera, hapana. Kinga iliyopatikana kwenye utafiti wa Kisumu ilikuwa ya kati ya asilimia 53 na 60, kutegemea namna ya kuhesabu. Hiyo inaacha nafasi kubwa ya kuambukizwa. Mluhya asiyevaa kondomu haokolewi na Agosti yake.

USISINGIZIE MILA KILA KITU

Kuna mtego mwingine, na hata watu wenye nia njema huingia. Ukishajifunza kuhusu mila za watu, unaanza kuona mila kila mahali. Mtu asipokuja kliniki unasema, "Ni utamaduni wao."

Baada ya wimbi la kwanza la tohara, wavulana walikuja kwa wingi lakini wanaume waliovuka miaka 25 wakabaki nyuma. Rahisi kusema ni ukaidi wa kimila. Lakini utafiti uliofanywa Nyando, bonde lilelile unaloliona ukifuata barabara ya Miwani, ulijaribu kitu tofauti. Uliwapa wanaume wa miaka 25 hadi 49 vocha za chakula ili kufidia siku ambazo wasingefanya kazi. Waliopewa ahadi ya vocha ya Sh1,200, wanaume 9 katika kila 100 walienda kutahiriwa. Waliopewa ya Sh700, karibu 7. Ambao hawakupewa fidia hiyo, hawakufika hata 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Tisa katika mia bado ni wachache, kweli. Lakini ona tofauti. Sehemu ya kile kilichoitwa mila ilikuwa ni siku kadhaa bila mshahara. Mtu anayekula anachochuma leo hawezi kulala nyumbani akingoja kidonda kipone, awe ni Mluo au Mmarekani.

Kwa hivyo mpangaji mzuri anauliza maswali mawili kila mara: watu hawa wanaamini nini? Na watu hawa wana nini mfukoni?

LUGHA YA DALILI

Halafu kuna maneno. Sema "nina homa" mbele ya watu watatu hapa mjini. Mmoja ataelewa una mafua. Mwingine ataelewa mwili wako una joto. Wa tatu atasema hiyo ni malaria, kanunue dawa. Wote wanaongea Kiswahili.

Ukimwi ulipoingia ukanda huu, Waluo waliuita ayaki, kitu kinachonyakua. Lakini mwili ulipoanza kukonda, familia nyingi ziliona chira, ule ugonjwa unaosemekana kumpata mtu aliyevunja mwiko. Na chira haipelekwi hospitalini. Mhudumu asiyejua neno hilo alimwandikia mgonjwa dawa, na mgonjwa akaenda nyumbani kutafuta tiba ya jambo jingine kabisa. Hawakubishana, hawakuwa hata na mazungumzo mamoja.

Hii si hisani unayoiomba. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha elimu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii kubwa zaidi ya kaunti hiyo. Wengi hukiona kifungu hicho kama mgao wa kazi. Ukitazama kutoka kwenye benchi la wagonjwa, ni kitu kingine: ni uwezekano wa kumkuta mtu nyuma ya dirisha anayeelewa nyanya yako anaposema anaumwa wapi.

HESHIMA INA MPAKA

Kuheshimu mila za watu si kukubali kila kitu. Hapa tusidanganyane.

Ukeketaji wa wasichana ni mila ya baadhi ya majirani wa Mamboleo. Miongoni mwa Abagusii na Wasomali umekuwa wa kawaida kwa vizazi. Waluo hawana mila hiyo kabisa. Kitaifa unapungua: katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2014 ulikuwa umewapata wanawake 21 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na wa mwaka 2022 ulipata 15. Lakini kadiri sheria ilivyobana, wengine walihamisha wembe kutoka kwa bibi hadi kwa muuguzi, eti kwa usalama. Sheria ya 2011 inakataza vyote viwili. Glavu safi haziufanyi kuwa matibabu.

Tofauti na tohara ya hiari iko wazi: mmoja ni mtu mzima, au kijana aliyeelezwa akakubali, akipata kinga dhidi ya ugonjwa. Mwingine ni msichana anayeondolewa sehemu ya mwili wake bila faida yoyote ya kiafya. Kujua mila kunasaidia hata hapa, maana mhudumu anayejua kwamba Desemba ndiyo msimu wake katika familia za Kisii hangoji Januari kuuliza. Unajua mila ili uhudumie, na pale inapomuumiza mtoto, unaijua ili uizuie mapema.

WEWE UNAINGIA WAPI?

Najua unachowaza. Haya yote ni ya waziri, gavana na watu wa tai. Kidogo ni kweli. Lakini tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti vinapangwa hapa Kisumu, na milango iko wazi kuliko tunavyoitumia.

Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Tulio nao sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpango wa kila mwaka hutakiwa kufika bungeni mwa kaunti kabla ya Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya Aprili 30. Katikati hapo kuna vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi. Nenda ukihesabu vijana waliohudhuria, utamaliza kwa vidole. Wanaokuja ni wazee walewale, na mara nyingi wa jamii moja. Kisha tunashangaa kliniki ikifunga saa kumi na moja jioni, saa ambayo wewe ndiyo unatoka kazini.

Ukienda, usiende na hotuba. Nenda na maswali matatu. Kwanza: kituo chetu kinapima selimundu kwa watoto wachanga? Kama hapana, lini? Pili: ni siku gani kiko wazi usiku au wikendi kwa watu wa boda, wa soko na wa ziwa? Tatu: kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, kuna mtu kutoka Kibos, kuna mtu anayetoka upande wa Kiboswa, kuna yeyote aliye chini ya miaka 30?

Kuna pia mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu na begi lake. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 kama yeye nchi nzima. Mara nyingi sisi vijana humwambia mama yuko ndani, tunarudi kwa simu. Siku nyingine muulize yeye ameona nini. Ndiye anayejua nyumba ipi inafunga mlango akibisha, na kwa nini.

Na siku ukiulizwa kabila lako hospitalini, una haki ya kuuliza ni kwa ajili gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya na za asili ya kabila katika kundi la data nyeti. Kama jibu ni "ili tukupime kitu ambacho familia kama yenu hupata," sawa, jibu. Kama mtu anakutazama jina kwenye kitambulisho ndipo aamue usubiri muda gani, hapo lalamika, na ulalamike kwa maandishi. Katiba, Kifungu cha 27, iko upande wako.

Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya Simpson wa 1913 na kliniki ya ufuoni ya 2009. Wote wawili walitazama kabila la mtu. Mmoja alitaka kujua amweke mbali kiasi gani. Mwingine alitaka kujua afungue mlango saa ngapi.

Jioni, steji ya Mamboleo inajaa tena. Matatu za Chavakali zinaita, za Muhoroni zinaita, waliotoka mjini wanakimbizana na giza. Miongoni mwao kuna mtu aliyekuwa anataka kupimwa leo, akafika mlangoni, akakuta kumefungwa. Kesho atajisemea, "Ah, si lazima." Kikao kijacho cha maoni kikitangazwa, mkumbuke huyo. Huenda ni wewe.